Asiye na Mkia

Jana hakutoka bandani.
Wenzake wanne walichakura chini ya mtufaha,
matope tele, wao hawajali, na yeye
kajikunyata pembeni kama mdaiwa.

Huku Chiloé mvua haipigi hodi.
Nimevaa buti za kiwandani, bado zanuka samoni,
nimemnyanyua, nimembana kwapani.
Mwepesi.
Jumapili alikuwa mzigo, leo
ni manyoya na hasira kidogo.

Undu umepauka, wekundu wa kitambaa
kilichofuliwa mno.
Jicho lanitazama, kisha lachoka kunitazama.
Pua kavu. Namwekea sikio mgongoni:
hakoromi. Basi si kifua.

Mama mkwe, Eduvina, kasimama mlangoni.
“Mchinje angali hai. Supu haiulizi aliumwa nini.”
Nyamaza kwanza, mama. Sijamaliza.

Kororo tupu, kama mfuko wa mwisho wa mwezi.
Chini ya mbawa natafuta utitiri: hamna.
Nyuma, pale ambapo wenzake wana mkia
na yeye kazaliwa bila,
natandua manyoya. Chokaa imegandamana.
Tumbo gumu, lina moto.
Napaka kidole mafuta, namwomba radhi,
na ndani, si mbali,
kitu mviringo kinanigonga ukucha.

Yai.

Beseni, maji ya vuguvugu, chumvi ya haluli.
Anakaa majini kama malkia aliyepinduliwa.

Mficha maradhi, wasemao husema, kifo humuumbua.
Lakini kuku akionyesha udhaifu
hudonolewa kwanza na wa kwao.
Mimi nami niliingia zamu tatu
na kiganja kilichovimba kama mkate,
nikacheka na msimamizi,
glovu ikanisitiri.

Saa mbili usiku basi la kiwanda lapiga honi.
Namwacha ndani ya boksi kando ya jiko la kuni.
Kisu kiko mezani.
Eduvina anamenya viazi,
anajifanya hamwoni.

Alfajiri narudi, vidole havijui kufungua kitasa.
Boksini: ganda laini, samawati,
limebonyea upande mmoja.
Yeye hayumo.
Sufuria naifunua: viazi, viazi tu.

Wako kitini, mmoja mapajani mwa mwenzake,
shali moja juu yao,
wamelala,
na mmoja wao anakoroma.

Navua buti polepole,
nasogea,
nasikiliza ni yupi.