Chini ya Sahani

Nililala sakafuni katika chumba cha maombi, Katuba,
siku tatu bila bukari wala maji,
watumishi wawili wakikanyaga huku na huku juu ya kichwa changu,
wakimfukuza shangazi yangu Mujinga,
marehemu, maskini, ambaye hakuniachia kitu ila koti.
"Toka!" walisema. "Mwachilie!"
Nikatetemeka kwa kuwa walitaka nitetemeke.
Nikatoa jasho, nikatoa sadaka,
nikarudi nyumbani nimefungwa vile vile,
ila na njaa.

Sikuwaambia habari ya mizani.

Mizani ilikaa depo, njia ya Ruashi,
rangi ya buluu imebanduka pembeni.
Chini ya sahani, mahali ambapo mchimbaji hainami,
palikuwa na kipande cha chuma, urefu wa kidole gumba,
kikibeba mzigo kidogo, kimya kimya.
Nilikiweka mwenyewe, Jumatatu moja ya Aprili,
kwa mikono hii hii inayofunua Biblia.
Kilikula kilo nne katika kila gunia la shaba.
Nne si nyingi. Miaka sita nilijiambia hivyo.
Nne ni sabuni. Ni chumvi. Ni daftari la mtoto wa mtu.

Walikuja wekundu mpaka kope,
kama wamefinyangwa asubuhi ile na hawajakauka.
Mukalay alisema, "Soma wewe, kaka Kisimba,
mimi namba zinanikimbia."
Nikasoma. Sauti haikutikisika.
Usiku ndiko ilikotikisika: mke wangu Numbi aliniambia
ninahesabu usingizini,
hamsini na mbili, arobaini na nane,
hamsini na mbili, arobaini na nane,
kama mtu anayepanda na kushuka ngazi ile ile.

Kisha siku moja Mukalay akaja bila gunia.
Kwapani ana jogoo mweupe,
miguu imefungwa kwa uzi wa kiroba.
"Wa kwako," akasema. "Depo zote zinatuibia.
Wewe tu hutuibii."

Jogoo akawika. Saa sita mchana, jua la utosi,
akawika.

Nikapiga magoti.
Wakadhani naomba; mmoja akavua kofia.
Nikaingiza mkono chini ya sahani, kwenye vumbi na buibui,
nikakitoa, nikakiweka juu ya meza, mbele yao wote.
Kidogo hivi.
Nikasema, "Hiki ndicho nilichokuwa nacho."

Hapakuwa na ngurumo. Palikuwa na kofi,
halafu mate, halafu tajiri akaniita ofisini
akaninyang'anya funguo.
Pikipiki niliuza. Koti la shangazi niliuza.
Nilizunguka Ruashi na daftari la majina,
mlango kwa mlango, fransi kwa fransi,
na wawili kati yao nilikuta wamekwisha kuzikwa;
wajane wao walihesabu polepole, bila kunitazama.

Lakini njiani, siku ile ya kofi,
shavu likiwaka, mfuko mtupu, jogoo nimemfungua akanikimbia,
nilisikia kifua kimefunguka kama dirisha
lililopakwa rangi likiwa limefungwa, likasukumwa tu.
Nilikuwa nimemtafuta Yesu kwenye kelele.
Yeye alikuwa amesimama foleni pamoja nao, mwekundu mpaka kope,
miaka sita,
nikimpima pungufu.

Sasa ninauza makala karibu na soko la Kenya.
Nina mizani ndogo, ya kuazima.
Mukalay hununua kwangu, sijui kwa nini,
na kila mara, kabla ya kutoa pesa,
huinama akachungulia chini ya sahani.
Watu hucheka. Numbi hukasirika.
Mwacheni achungulie.
Mimi humsogezea taa.