Mtu Mmoja

Cheti cha kuzaliwa kinasema Mlekwa.
Cheti cha VETA kinasema Mlekwa.
Pasipoti inasema Mrekwa,
na ubalozi haujui kama hao wawili wanajuana.

Kwa herufi moja nimeendesha baiskeli kutoka Isevya
hadi kwa wakili wa karibu na stesheni.
Elfu thelathini, kasema, na mhuri humo humo.
Nimeapa, mkono hewani, mbele ya feni isiyozunguka,
kwamba mimi na mimi ni mtu mmoja.

Fomu ina kurasa kumi na saba.
Nchambi wa stesheneri anasoma, mimi najibu, yeye anabofya.
Kazi? Kuchomelea vyuma.
Uzoefu? Miaka kumi na mmoja.
Ushahidi?
Andika geti la misheni. Andika vitanda sita vya wodi ya wazazi,
vimebeba uchungu wa wanawake wangapi
na vyenyewe havijalia hata mara moja.
Andika behewa lililoanguka Malongwe:
mshono wangu bado unakwenda Kigoma na kurudi.

"Wanataka barua ya mwajiri," Nchambi ananikata.
Mwajiri ni Mzee Sizya,
na Mzee Sizya tumemzika Kwihara, masika iliyopita.
"Barua, kaka. Yenye anwani juu."

Benki, hela za shemeji zangu zimelala mwezi wa tatu
zikijifanya zangu.
Sizigusi. Nazisalimia tu kwa simu.
Picha: usitabasamu, masikio yaonekane.
Kifua nimepigwa eksirei Kitete, daktari kasema safi.
Moshi wote ule, safi!
Nikaona haya, kama fundi aliyekuwa anategea.

Jana usiku mama, akikamua masega,
kaniuliza: Huko Poland, chuma chao kikoje?
Nikamwambia chuma ni chuma, mama.
Hakujibu. Yeye ndiye aliyenipa jina.
Nilizaliwa siku arobaini baada ya baba kuzikwa,
na kwetu mlekwa ni yule aliyeachwa.

Swali la mwisho Nchambi kalisoma mara mbili:
Unakusudia kurudi?

Nimeitazama hati ya kiapo, wino wa mhuri bado mbichi.
Mrekwa keshafunga begi.
Mlekwa anaijua nyumba yenye pengo la mtu,
jinsi sahani moja inavyobaki kabatini bila kuguswa.

"Andika ndiyo," nimesema.
"Ndiyo ya nani?" kauliza, kidole juu ya kitufe,
maana chini yake fomu inataka jina kamili.