Bado, Bado, Haya

Wamenialika Sib, kwenye banda la ndege,
kwa kuwa katika wale wanne wa helikopta ya kwanza
nimebaki mimi.
Kanzu kanipigia pasi mkwe wangu.
Nimekalishwa mbele, chini ya feni,
na afisa kijana anasoma historia yetu
kwenye karatasi moja, upande mmoja.

Harufu hakuiandika.
Mafuta, chumvi, soksi zisizokauka,
na matapishi ya Dilmurad, rubani wetu, Mbaluchi wa Gwadar,
aliyetapika kabla ya kila safari
kisha akafuta masharubu, akaruka kama kozi.
Hakuandika kuwa winchi ilikwama kwa mazoea,
kuwa grisi ilipokwisha tuliipaka samli
na wiki nzima angani tukanukia chapati.

Usiku wa Ras al-Hadd kaupa mstari mmoja.
Meli ya saruji imelala ubavu,
watu kumi na mmoja juu ya kreni yake
kama nguo zilizosahauliwa kambani.
Mimi kifudifudi mlangoni, visikizio masikioni,
chini yangu bahari nyeupe, nyeupe tupu.
Amri tulifundishwa kwa Kiingereza,
tukaziandika kwa Kiarabu,
tukazihifadhi kwa viboko vya mwalimu.
Upepo ulipotupiga kofi la kwanza
zilinimwagika zote, njugu za mfuko uliotoboka.

Iliyobaki ni sauti ya mama,
Bi Shinuna wa Kikwajuni,
kanishika mkono ukingoni mwa barabara,
mimi na mkoba wangu wa skuli,
magari yanapita:
bado…
bado…
haya!

Dilmurad Kiswahili hakukijua hata salamu.
Lakini bado ya kwanza ilimshika bega,
ya pili ikaigandisha ndege hewani,
na kwenye haya
ndoano ikampata mtu.
Mara kumi na moja.
Wa mwisho mpishi, amekumbatia birika,
tukamwambia liache, akakataa,
likapanda naye.

Sasa nje, jua la Agosti linachubua lami.
Ndege mpya imesimama juu ya maji, haina hata kikohozi.
Chini yake linaelea sanamu la mpira lenye jaketi la machungwa,
na kipaza sauti kinatuletea maneno ya mlangoni.
Ni Koplo Wadha, mtoto wa Rustaki,
Unguja hajaiona hata kwenye pakiti ya karafuu.
Sauti yake kavu, haina haraka:

Bado.
Bado.
Haya.

Nilipomuuliza kalitoa wapi neno lile
alinijibu kwa heshima, kofia kwapani:
"Ni neno la kazi, mzee wangu. Tumelikuta.
Maana yake usiteremshe
mpaka mtu awe chini yako sawasawa.
Wengine wanasema ni Kiarabu kilichopinda."

Hawakukosea sana.
Neno liliondoka hapa na mababu, katika mizigo,
likaishi ng'ambo majikoni na ukingoni mwa njia,
likajitia irabu mkiani kama mtu ajifungavyo kanga,
na mwaka wa sabini na nne likashuka nami uwanjani,
sanduku moja, mama mmoja anayeogopa ndege.
Karani aligonga muhuri kwenye pasi zetu.
Neno hakuliona.

Ningemwambia.
Mdomo ulishafunguka.
Lakini alikuwa ameshageuka kuniletea chai,
na alilolishika ni birika lile, mdomo umebonyea,
kwa kuwa desturi ya kikosi, kumbe, ndiyo hiyo:
mgeni wa kwanza hunyweshwa kwalo, bila sukari.
Alimimina kutoka juu, mkono hautetemeki.
Kikombe kikafika nusu, akanitazama.

Bado, nikasema.

Akaendelea kumimina.