Mguu wa Kumi na Tatu

Mezani kwangu, Mabatini, juu ya duka la vyerehani,
zimelala bodi saba, hakuna mbili za tumbo moja.
Ya kijani ina taa kwenye mguu wa kumi na tatu.
Nyeusi ina taa kwenye mguu wa pili,
na ukiiambia washa, inazima,
ukiiambia zima, inawaka
kama mtoto aliyekatazwa kucheka.
Ile ndogo, niliyoing'oa kwenye mashine ya kufulia
iliyokufa Capri Point,
haina taa kabisa. Inajua joto tu.

Sikuzichagua. Wavuvi wa Kayenze hulipa kidogo kidogo
na fundi hununua kilichopo:
mwezi huu hizi, mwezi ujao zile,
muuzaji akiapa, "Ni zilezile tu, dada."

Basi nikawa na programu saba.
Saba! Nikisahihisha kosa kwenye moja
nanakili, nabandika, nahesabu kwa vidole,
hadi usiku ule usio na mwezi
taa zetu za sola zilipozimika ziwani saa nne,
zote za bodi ya nne,
kwa kuwa ya nne niliisahau.
Magesa alipiga simu kutoka majini. Hakutukana.
"Nkwimba," alisema, "dagaa wameondoka."
Akakata.

Asubuhi nikashuka Kirumba, mwaloni, kumrudishia pesa.
Mizani moja inaning'inia pale kwenye mnyororo wa kutu.
Inapima dagaa wa Ukerewe, wa Ukara, wa Musoma;
hakuna mizani ya kila kisiwa.
Kinachobadilika ni kikapu:
uzito wake umeandikwa kwa chaki ubaoni,
unatolewa kwanza, ndipo samaki wanahesabiwa.
Nilisimama nikiutazama ubao ule
mpaka mchukuzi akanipiga kikumbo.

Nikarudi, nikaandika moja.
Moyo wake haujui miguu.
Unasema: washa taa.
Unasema: pima betri. Lala. Amka.
Pembeni nimeuwekea daftari, kila bodi na ukurasa wake:
hii taa yake iko hapa;
hii ndiyo yake ni hapana;
hii haina saa, iazimwe;
hii ukiilisha volti tano inakufa, ipe tatu na kidogo.

Haikuwa harusi.
Ile ya mashine ya kufulia, kumbukumbu yake finyu,
moyo haukuenea.
Nikakata kalenda. Nikakata hesabu za wiki, nilizozipenda.
Ukaingia kwa kubanwa,
kama mguu kwenye kiatu cha mdogo wako.
Na ile yenye mbio sasa inakwenda mwendo wa wenzake.
Sijui kama bodi huchoka kungoja.

Jana Lushinge ameniletea ya nane,
nyekundu, imepitia Sirari, maandishi yamefutika.
Nikaimiminia programu ileile.
Zamani ingejifanya mwenyeji,
ingesukuma umeme mguu wowote,
nami ningenusa moshi.
Safari hii haikugusa kitu.
Ilituma mstari mmoja kwenye waya:
bodi hii siijui bado.

Nimefungua ukurasa mpya.
Cherehani za chini zimenyamaza, ni saa sita usiku.
Nina ncha ya mita mkononi, naanza mguu wa kwanza,
wa pili,
wa tatu.
Taa ipo mahali humu.