Faili Mbili, Jino Moja

Mwezi wa tatu, Fargo, theluji imegeuka tope,
na zimebaki siku kumi na tisa kabla serikali haijabisha hodi.
Mezani pana faili mbili, nimezifunga kwa mpira mmoja
kwa sababu mpira wa pili umekatika.

Ya juu ni ya Solveig Tostrud, daktari wa meno kule Velva,
mji wa ghala la ngano na makanisa mawili yasiyosalimiana.
Risiti zake zinanuka karafuu.
Huziba, hung'oa, husugua, huchonga meno ya bandia,
humbembeleza mtoto wa Kjelstad, yule anayeuma vidole.
Mstari wa mwisho: laki moja na elfu sitini na nne.
Pembeni, kwa penseli: *Bibi Aslaug, kalipa nyama ya kulungu.*
Fomu haina kisanduku cha kulungu.

Ya chini ni ya Desmond Rolfsrud, bingwa wa mizizi,
ghorofa ya nne, nyuma ya ofisi yangu.
Huyu ana kazi moja tu duniani:
kuingia ndani ya jino kwa sindano nyembamba kama unywele,
kuutoa uhai unaouma, kufunga mlango.
Mstari wa mwisho: laki tatu na elfu tisini na mbili.
Nilirudia hesabu.
Si kwa shaka, kwa wivu.

Walihitimu siku moja, Minneapolis,
miaka minne wakichovya mkate katika sufuria moja.
Solveig akarudi kwao na deni lake.
Desmond akabaki shule miaka mitatu tena, deni likanenepa,
na mimi ndiye nimelipunguza kwa kalamu kila mwaka.
Deni hilo huyeyuka kama barafu ya ziwa:
kwa macho huoni kitu,
mpaka siku unaposikia mlio.

Mshika mbili, moja humponyoka.
Solveig kashika ishirini.
Ndivyo nilivyokuwa nikijieleza tofauti ile,
hadi gego langu la chini lilipoamka usiku wa Jumanne.

Niliendesha gari hadi Velva. Nilizaliwa huko,
na mdomo wangu haujahama.
Solveig akapiga picha, akaitazama, akanyamaza.
"Mzizi umepinda kama kulabu," akasema.
"Naweza kujaribu. Lakini nitakuwa najaribu juu yako."
Akaandika jina la Desmond kwenye karatasi.
Dola sitini na tano.

Desmond akashusha darubini, akainama dakika hamsini.
Alitamka maneno tisa, niliyahesabu, la mwisho likiwa "Tayari."
Dola elfu moja mia tano hamsini na saba:
mia moja sabini na tatu kwa kila neno.
Nilitaka kukasirika.
Nililala saa kumi na moja mfululizo.

Kisha Velva tena, kuvishwa kofia ya jino.
Solveig aliipima, akaikwangua, akaipima,
akaniambia mbwa wake kazaa.

Wote wawili huniulizia mwenzake.
Solveig huuliza bila kunitazama, akinawa mikono:
"Desmond naye, mwaka umekuwaje?"
Desmond huuliza akiwa amekwisha kufika mlangoni:
"Ni kweli bado anafunga saa tisa kila Ijumaa,
anakwenda kuvua samaki kwenye barafu?"
Mhasibu hana mdomo. Huwajibu kwamba baridi inarudi,
na huko kwetu jibu hilo halijawahi kuwa uongo.

Mwakani nitajikuta ndani ya faili zote mbili,
mgonjwa mmoja, jino moja, mistari miwili isiyojuana.
Saa hizi najumlisha safu ya Solveig,
ulimi unaenda wenyewe kwenye kofia mpya,
unaigusa, unarudi,
nami nimepoteza hesabu, naanza upya kutoka juu.