Bushi ya Kushoto

Duka langu liko Grogan, mlango wa nne kutoka kwa mchomelea vyuma,
futi sita kwa tisa.
Jina langu halisi, Syombua, hulijua benki peke yake,
na mama, naye alishazikwa.
Wengine wote huniita Mama Bushi.

Naweza kukutajia gari kwa kikohozi chake.
Lile linalopanda kutoka mtoni likipiga chafya: plagi.
Lile linalolalama asubuhi tu,
likipata joto linanyamaza: mkanda wa feni.
Miaka ishirini na sita nimekula ugonjwa wa magari,
nimesomesha wawili kwa ekzosi zilizotoboka,
nikajenga Matuu, chumba na jiko, kwa gasketi.

Ndipo Odiwuor akaja na gari jipya,
la teksi, la mkopo, jeupe kama yai.
Sikulisikia. Niliinua kichwa, pua yake iko mlangoni
kama paka aliyenusa maziwa.
"Mama Bushi, ni la Mchina. La umeme."
Akafungua boneti.
Nikatafuta ninachokijua.
Hakuna plagi. Hakuna ekzosi. Oili ya injini haliinywi.
Nilikuwa kama mtu aliyeenda matangani
akakosa uso anaoujua,
hata wa marehemu.

Usiku ule nilipiga hesabu nyuma ya katoni:
Odiwuor, plagi nne, chujio, mikanda.
Nikamkata kwa mstari mmoja.
Jumapili, nikitoka kanisani Ngara, nikawahesabu barabarani:
jeupe, la kijivu, la kijivu tena,
na basi zima lililopita likinong'ona
kama muumini aliyechelewa ibada.

Lakini ngoja niseme lisilosemwa kaunta ya mbele.
Mchina hakuingia Grogan na gari hili.
Maboksi yangu yameandikwa Japani kwa wino mwekundu;
risiti zake, za droo ya chini,
zinatoka Guangzhou tangu kifungua mimba wangu akinyonya.
Wenye Peugeot walipoapa, "Nipe orijino, Mama,"
niliwapa ya Bi Lin,
wakaenda nayo Kitale, wakarudi nayo.
Aliingia kwetu kipande kipande.
Sasa amejikusanya.

Miezi saba ikapita.
"Mama, kuna kitu kinabisha hodi."
Tukazunguka naye, vioo juu.
Kwenye Toyota yake ya zamani injini ingeficha aibu;
humu, katika kimya cha chumba cha mtihani,
kila shimo la Nairobi lilipata sauti:
ngo.
Ngo-ngo.
Wahenga walituonya juu ya kimya kingi;
hawakusema mshindo utatoka gurudumu la kushoto, mbele.

Nilicheka mpaka nikashika dashibodi.
"Bushi, Odiwuor! Hii ni bushi!"
Gari limevuka bahari na akili zake zote,
kioo kikubwa kama sinia ya pilau,
betri nzito kama fahali,
likaja kupigwa na barabara ileile
iliyompiga Mfaransa, ikampiga Mjapani.

Yeye hakucheka. Mkopo hukatwa kila siku,
gari limesimama au limetembea.

Na saizi yake sina. Mtaa mzima hauna.
Nimeizungushia ile kuukuu kalamu kwenye katoni,
nimeweka rula kando, nimempelekea Bi Lin picha.
Sijawahi kumwona; namjua kwa kikohozi
katikati ya ujumbe wa sauti,
na Kiingereza chake kinachochechemea kama changu.
Amejibu: siku kumi na nne.
Kisha ameuliza: nikutumie moja, au mia?

Iko hapa kando ya chai, mpira umepasuka.
Nimepandisha vya Peugeot rafu ya juu, kusikofika taa.
Pengo lililobaki ni la viganja viwili.
Chaki ninayo, jina la gari sijui linavyoandikwa.

Moja,
au mia.