Ganda Lenye Ufa

Lina shingo. Lina mabega, kiwiliwili na kitako.
Kichwa kilitiwa chumba cha pili,
ng'ambo ya ukuta mnene, pamoja na baruti.
Mimi nilikuwa wa maganda:
miaka thelathini na mmoja, meza ya tatu kutoka dirishani,
lenzi jichoni, vidole vikinuka shaba
hata baada ya sauna,
hata siku Eljas alipobatizwa.

Huku kwetu Ufini jua la Desemba ni mgeni asiyevua koti.
Huingia saa nne, saa tisa keshaaga.
Nililiona jua zaidi kwenye shaba kuliko angani.

Mhandisi Niinikorpi alitusomea nasaba yake
kama mtu asomaye majina kwenye makaburi ya kwao.
Babu yake, alisema, alikuwa risasi ya tembo,
mzaliwa wa London, mnene, mzito,
wa kupigwa karibu, mnyama akikujia masikio wazi.
Wamarekani wakamminya shingo.
Walitaka afike mbali, bega la askari liweze kumbeba,
maana ile ndogo haikufika
na ile kubwa ilihitaji watu wawili na matusi.
Ganda likagoma.
Shinikizo lilipanda, shaba ikalegea,
ikang'ang'ania ndani ya bunduki
kama ulimi wa mtoto kwenye komeo la barafu.

Ndipo michoro ikaletwa kwetu, kwenye mji wa mto na kanisa moja.
"Kitako kiwe buti," akasema Niinikorpi, "shingo iwe soksi."
Ngumu chini, laini juu.
Tulipasua maganda majira mawili ya baridi
hadi likapatikana lisilopasuka.
Siku hiyo tulipewa keki. Ilikuwa ya beri, kavu kidogo.

Mume wangu Taisto hakuitaka kwa uwindaji.
Msitu wetu haukuonyeshi hata mita mia,
na kulungu mmoja, alisema, hahitaji radi.
Lakini Eljas anaipenda.
Kila Agosti huenda kaskazini, kwenye nyanda zisizo na miti,
hulala kifudifudi juu ya mkeka,
hupima upepo kwa kutazama majani yanavyoinama,
kisha hupiga bamba la chuma umbali wa kilomita moja na nusu.
Anapiga. Ananyamaza.
Moja. Mbili. Na nusu.
Bamba linatikisika bila sauti.
Sauti huja baadaye kwa miguu,
kama mtu aliyerudi kuchukua glavu alizosahau.

Mwaka mmoja akaja afisa, sitataja wa nchi gani.
Alitoka vitani, kwenye milima mikavu.
Alitupa mikono mmoja mmoja, meza kwa meza,
akasema wenzake watatu wako hai kwa sababu yetu.
Wenzangu wakapiga makofi. Nami nikapiga.
Alipofika kwangu nikamuuliza kuhusu ule upande mwingine,
ilichukua muda gani kufika.
Akadhani nauliza habari za kazi.
"Sekunde tatu, mama. Pungufu kidogo."

Tangu hapo nahesabu.
Namimina kahawa, nahesabu.
Mtu aweza kuinama afunge kamba ya kiatu
akapona, asijue maisha yake yote kwamba alipona.
Aweza pia kusimama kumwitikia mkewe.

Nilistaafu mwezi wa Machi. Walinipa saa ya ukutani.
Mfukoni mwa aproni nilikuwa nimeficha ganda moja,
wizi wangu wa pekee,
lenye ufa begani, mwembamba kama unywele wa mtoto.
Nililikataa mimi mwenyewe, Jumanne moja, mvua ya theluji.
Sasa natunzia sindano.

Eljas hunicheka: kati ya maganda yote yale, mama, umechagua bovu.
Ni kweli.
Yale mazima niliyapitisha kwa maelfu,
nikagonga muhuri, nikasema linalofuata.
Hili tu ndilo ninalojua lilikoishia.